Mchoro Ambao Haukupashwa

Jiwe lile la silikoni ndilo lingekuwa la mwisho kusuguliwa na baba. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na daktari hakumficha kwamba haitatulia tena. Kwa hiyo siku alipolikabidhi kwa karakana, likiwa laini kama maji yaliyotulia, binti yake, mhandisi wa hapo, aliahidi kulitunza kama mboni ya jicho.

Jiwe hilo lilikuwa moyo wa spektrografu, chombo cha kutenga rangi za nuru, ya darubini kubwa iliyojengwa mlimani. Mistari myembamba iliyochorwa mgongoni mwake ingeichambua nuru ya infraredi ya nyota, ile ambayo macho hayaioni. Lakini katika nuru hiyo kila chenye joto hung'aa, hata bisibisi, na kuifunika nyota. Ndiyo maana chombo kizima kilifungiwa ndani ya pipa lisilo na hewa na kupozwa mno. Kazini binti huyo walimwita Friji.

Katika ofisi yao, michoro yote ilichorwa kwa vipimo vya baridi, yaani jinsi kitu kitakavyokuwa kikishasinyaa. Kabla mchoro haujaenda kwa mkereza vyuma, mtu aliongeza vipimo vilingane na joto la chumba. Waliita kazi hiyo kupasha mchoro. Friji alichora kishikio cha alumini cha kubeba jiwe, akauacha mchoro mezani kwa mwenzake, Kipara, akaondoka mbio kumpeleka baba kliniki.

Kishikio kikakerezwa, jiwe likafungwa humo, na pipa lilikuwa limeshapoa sana pale Kipara, akitafuna karanga, alipoanza utani wake. Akasema yeye hupasha michoro ya watu wote kama mama ntilie anayepasha viporo.

"Isipokuwa yako, dada. Yako naipitisha tu, maana siku zote unapasha mwenyewe."

Friji akamuuliza mchoro wa kishikio aliupasha nani. Kipara akaacha kutafuna.

Alumini husinyaa zaidi kuliko silikoni. Kishikio kilicholipokea jiwe vizuri chumbani sasa kilikuwa kikilibana gizani. Walizima mashine ya kupoza, lakini pipa halikuweza kufunguliwa wala kupashwa moto haraka. Pupa nayo ingelipasua jiwe. Ikabidi wangoje joto lirudi polepole. Friji aliketi ubavuni mwa pipa, paji la uso limeegemea chuma, akiomba. Mwanzoni aliomba jiwe liwe zima. Baadaye akajikuta anaomba baba asiwepo likifunguliwa.

Baba alikuwepo, amevaa shati lake la ibada. Kifuniko kilipoinuliwa, ufa ulikuwa umelikata jiwe kutoka kona hadi kona. Mkuu wa mradi akasema kwa upole kwamba watatafuta msuguaji mwingine, na darubini itasubiri.

"Nani aliupasha mchoro?" baba akauliza.

"Hakuna, baba. Mimi nilijua yeye, naye akajua mimi."

Baba alipitisha kidole gumba juu ya ufa, mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka," akasema, kama anayesifu kazi ya fundi mwingine. Kisha akarudisha mikono mfukoni.

Jioni baba aliombea chakula. Tangu Friji akiwa mtoto, sala ile iliishia kwa maneno yaleyale: ibariki mikono iliyofanya kazi ya leo. Baba alishukuru kwa uhai, kwa mkate, kwa paa juu yao.

Friji, macho ameyafumba, alingoja maneno ya mwisho. Alichosikia ni kijiko cha baba kikigongagonga sahani.