Saba Kamili

Vifaranga elfu mbili wa samaki aina ya ngege walitoka Homa Bay alfajiri, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni ya kuwatosha hadi saa nane mchana. Saa saba walikuwa wanaelea, bado mifukoni, juu ya bwawa la Lynnet, chini kidogo ya machimbo ya dhahabu ya Masara. Mzee Japheth aliyewaleta hakutaka kuwamwaga mpaka apate karatasi iliyosainiwa kwamba maji hayana asidi. Samaki wa kwanza wa Lynnet walikufa wote. Hawa wapya aliwanunua kwa kuuza ng'ombe wake wa mwisho.

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Tony, mpimaji wa mradi fulani wa maji. Alifungua sanduku, akafunua kitambaa cha mahameli, akatoa kijiti chenye tone la kioo nchani na kukichovya bwawani kama askofu anayebatiza.

"Saba kamili," akatangaza. "Si asidi, si magadi. Maji ya peponi haya, mama."

Akasaini. Japheth akaikunja karatasi, akamgeukia Lynnet, binti wa Mbita. "Basi samaki ni wako, nyar Mbita. Wakifa usinipigie simu."

Lynnet aliyatazama maji. Ukingoni yalikuwa na rangi ya kutu.

"Kisima cha kanisa ulipata ngapi?"

"Saba."

"Na cha shule?"

"Saba. Jana nilipima visima kumi na vinne, vyote saba! Bosi wangu Bogonko anasema hajawahi kuona ripoti safi namna hiyo."

Lynnet akaingia jikoni, akatoka na kibuyu. "Pima haya maziwa, daktari."

"Kifaa hiki si mwiko wa jikoni, mama."

"Pima."

Saba kamili.

"Yamelala siku nne. Onja."

Tony alikuwa mtu wa kusimama na matokeo yake. Alipiga funda kubwa huku amemkazia macho. Jicho la kushoto likajifumba lenyewe.

"Yana... utamu wa mbali," akasema.

Japheth alicheka mpaka akashika magoti. "Omera, ndugu yangu, hicho kioo unakilaza wapi?"

"Kwenye mahameli, kikavu. Kilikuja na kikofia chenye maji ya chumvi, nikayamwaga. Kila jioni nakiosha kwa sabuni na kukifuta." Tony alinyoosha shingo. "Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kichafu."

"Mama yako alikulea vizuri. Kioo hicho huishi ndani ya chumvi hiyo. Kikikauka hakisikii kitu. Mimi mwenyewe niliua viwili kabla sijafundishwa."

"Kitafufuka?"

"Ukikilowesha mpaka kesho, labda. Hawa samaki wana saa moja."

Tony akampigia Bogonko. Sauti ya bosi ilisikika hadi kwa kuku wa Lynnet.

"Tufute saba zote? Tuandike ngapi?"

"Tuandike hatujui."

"Tony, hiyo si namba!"

Lynnet hakungoja wamalize. Alichota ndoo ya maji ya bwawa na kumimina humo vifaranga kumi. Baada ya dakika tano walipanda juu wakihema. Mmoja akalala ubavu, kisha wa pili.

"Karatasi imesainiwa," Japheth akasema, akitazama chini. "Na mimi nina bosi."

"Najua," Lynnet akasema. "Samaki ni wangu."

Kulikuwa na maji ya aina moja tu aliyoyaamini katika boma lile: ya mvua, kwenye tangi walilonywea watoto wake. Akaegemeza ngazi, akapanda, akafungua kifuniko. Japheth alimpandishia mifuko, Tony akishika ngazi. Mfuko mmoja baada ya mwingine, vifaranga walitawanyika gizani wakiwa wazima. Wa mwisho aliingia saa nane kasoro dakika kumi.

"Lakini mama," Tony akauliza, "hilo si tangi lenu la kunywa?"

"Lilikuwa. Sasa lina wenyewe, hadi nichimbe bwawa mahali pengine."

"Na nyinyi mtakunywa nini?"

Lynnet alishuka, akamwekea miguuni mitungi miwili ya lita ishirini.

"Bomba liko Suna, kilomita tatu. Kama ni mbali, chota hapo bwawani. Wewe ndiye uliyesaini."

Tony alilitazama bwawa kwa muda. Kisha akaokota mitungi na kushika njia ya Suna.