Leseni ya Watoto Sita

"Andika sita," mlezi wa kituo cha watoto alisema, mgongo wake ukiziba pazia.

Mdodosaji, aliyetumwa kuhesabu watoto, alishika kalamu asiandike. Binti yake mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia hilo tangu alfajiri, pamoja na wenzake kumi na wanane, mikeka mitatu, dirisha moja. Leseni ya halmashauri iliruhusu sita.

"Dada, surua imeshaingia mtaa wa pili," alinong'ona. "Hizi fomu zinaingizwa kwenye kompyuta. Wataalamu wanapiga hesabu: mtoto mmoja akiugua ataambukiza wangapi, na hao nao wangapi. Panapoonekana moto ndipo chanjo inapelekwa. Kliniki yetu haina hata kichupa tangu mwaka jana. Tukisema sita, imekula kwetu."

"Nikisema kumi na tisa, kesho wananifunga. Na wewe mwanao utamweka wapi? Mfukoni?"

Mdodosaji aliinamia fomu. Aliandika kumi na tisa, akaondoka bila kuaga.

Saa sita mchana, ofisini, msimamizi aliingiza fomu ya mdodosaji. Kompyuta ikalia, kisanduku chekundu kikatokea.

"Kituo hiki mwisho sita. Haipokei zaidi."

"Lakini wapo kumi na tisa, mkuu. Nimewaona."

"Wewe umewaona, leseni haijawaona." Msimamizi alicheka peke yake. "Usinitie majaribuni, mama. Ramani ya surua inatakiwa saa nane."

"Basi weka maelezo pembeni."

"Hakuna pembeni." Akabonyeza sita. Wekundu ukapotea. "Tia sahihi."

"Hiyo sita si yangu. Sitii."

"Basi kesho usije kazini."

"Haya."

Alikuwa bado anakusanya vitu vyake ramani ilipobandikwa ukutani. Mtaa wao ulikuwa wa kijani. Chini yake maneno: *mlipuko utajizima wenyewe*. Uani, magari ya chanjo yalikuwa yanapakiwa kwenda kwingine.

Mlezi alimngoja mlangoni, macho yamemtoka pima.

"Uliandika ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Umeniua!"

"Hawaji kukufunga, dada. Mashine imekataa. Imeingia sita."

Mlezi akajishika kifua, akacheka mpaka machozi. "Mungu si Athumani! Ngoja nikuletee mwanao, leo kalala mchana kutwa, hana hata usumbufu."

Mdodosaji alimpokea binti yake. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, yanachuruzika, na hakuwa analia.