Kikao Alichokifundisha Gidion

Kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Gidion Sulle kilikuwa na cheo kirefu mpaka herufi zikabanana: Afisa Mwandamizi wa Uwezeshaji wa Wanawake. Miaka sita shirikani, na kila mama yake kule Endagikot alipomuuliza anafanya kazi gani hasa, alijibu, "Ninasaidia watu, mama," kisha akaomba Mungu asiulizwe ni watu gani. Maana ukimbana, hakuweza kumtaja hata mmoja kwa jina. Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa, na bosi alitaka sahihi thelathini za wanawake waliofundishwa kujisemea. Lakini kilichomnyima usingizi si mkataba. Aliogopa kwamba akiondoka, hakuna atakayegundua.

Jumatano akashuka uwanda wa Hanang. Juliana, mhudumu wa afya wa kijiji aliyekuwa amtafsirie, alimwambia kwa simu amsubiri nyumbani kwake. Gidion na kusubiri, wapi na wapi! Mbele kidogo aliona wanawake wa Kibarbaig wamekaa duara, fimbo mkononi, hakuna mwanaume hata kwa dawa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Gidion alihesabu vichwa, akaona mahudhurio ni mazuri.

Akabandika karatasi zake kwenye boneti ya gari, akafundisha dakika arobaini. "Kina mama, msiogope kusema! Mna haki ya kuamua!" Hakuna aliyekohoa. Akadhani ni usikivu. Akapiga na picha, akimwambia mara mbili mwanamke mmoja aliyejifunga shuka mkononi atabasamu.

Juliana akafika mbio, mikono kichwani. "Kaka Gidion, umefanya nini? Hiki ni kikao cha wanawake, mwanaume hakisogelei! Wanamhukumu mume wa Sara. Kamvunja mkono mkewe, na mtoto hana hata wiki mbili."

Sara alikuwa yule aliyeambiwa atabasamu. Gidion aliona aibu kiasi kwamba alitamani aingie chini ya gari na abaki hukohuko.

Bibi Qamara, mkubwa wa kikao, akasema maneno machache, Juliana akatafsiri. "Anasema wamekuacha umalize ili kosa lako liwe zima. Utatoa ng'ombe dume mweusi, faini ileile ya mume wa Sara."

"Shikamoo, bibi," Gidion akasema, kwa kuchelewa.

"Marahaba," akajibu bibi kwa Kiswahili safi. "Dume ni yuleyule."

Kumbe alikuwa ameelewa dakika zote arobaini.

"Sasa anauliza," Juliana akaendelea, "wewe unajua kufanya nini?"

Gidion akaanza: kuwezesha, kuratibu, kuandika maandiko ya miradi, kutathmini. Juliana akatafsiri kwa maneno mawili, na wanawake wakaitikia kwa kichwa, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unajua kuendesha gari."

Basi akaendesha. Sara kiti cha mbele, Juliana nyuma na kichanga, na Gidion akikwepa kila shimo kana kwamba amebeba mayai. Njiani alisimama, akazifuta zile picha zote. Hospitalini nesi akauliza, "Wewe ni nani wake?" Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitambulisho, ukakigeuza kikatazama kifuani.

"Dereva."

"Haya, dereva, weka sahihi hapa."

Ndiyo sahihi pekee iliyopatikana siku ile, na bosi hakuwa na safu ya kuiweka.

Jioni, mkono wa Sara ukiwa umeshafungwa plasta, Gidion akampigia mama yake simu.

"Shikamoo, mama. Leo nimempeleka Sara hospitali."

"Marahaba. Sara gani, mwanangu?"

Akamweleza Sara gani, na mtoto wake, na mkono upi. Alieleza kwa muda mrefu.

"Halafu, mama," akamalizia, "yule dume wetu mweusi bado yupo?"