Kibaba cha Kahawa Nyeusi

Ukitaka kumchokoza Mwasiti, mwambie kahawa yake haina nguvu. Alikuwa mwanamke wa majivuno, na haki yake alikuwa nayo. Shinyanga nzima ilijua kwamba dele la maulidi, lile birika kubwa la shaba la msikiti, lilikaa nyumbani kwake. Kila mwaka msikiti ulichagua nyumba moja ya kuwapikia wasomaji kahawa, na tangu ujana wake haikuchaguliwa nyumba nyingine. Alilisugua dele kwa majivu na ndimu mpaka majirani wakawa wanajitazamia humo wakifunga vilemba.

Maulidi yenyewe yalisomwa mchana. Wageni walitoka mbali, wengine Kagongwa, wengine Masumbwe, kwa hiyo desturi ya mji ilikuwa kuwalisha kwanza, ndipo kisomo kianze. Sasa fikiria mwenyewe: pilau ya nyama ya ng'ombe, jua la Shinyanga, na kitabu kirefu. Kahawa peke yake ndiyo iliyowaokoa wasomaji na aibu.

Mwaka uliopita haikuwaokoa. Maalim Akida, msomaji mkuu, alipitiwa na usingizi katikati ya kisomo. Alikoroma, jamani, mpaka kilemba kikamshukia puani. Watu walicheka. Mwaisha, mpishi wa kahawa wa mtaa wa pili, hakucheka. Alitabasamu tu, na hilo tabasamu ndilo lililomchoma Mwasiti.

Basi mwaka huu Sabiti, msimamizi wa maulidi, alipokuja kuleta buni, alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Mama Chausiku, usinichukie," alisema. "Wazee wamesema msomaji akisinzia tena, dele linahamia kwa Mwaisha."

"Hasinzii mtu," Mwasiti alijibu, akapokea gunia na kumfungia mlango.

Dawa aliyoiona ilikuwa moja: kukaanga zaidi. Yeye aliamini kwamba nguvu ya kahawa iko kwenye weusi wake. Uchungu ukikukunja uso, usingizi utakaa wapi? Akawasha moto mkali, akakaanga mpaka buni zikatoa mafuta na moshi ukajaza uani.

Moshi huo ndio uliompokea bintiye Chausiku, aliyefika kwa ajili ya maulidi akitokea Geita. Huko yeye na mumewe walikuwa wametandika mkeka wa kahawa kando ya njia ya machimbo ya dhahabu, wakiwauzia wachimbaji kabla hawajashuka shimoni. Alitua mzigo wake, akakohoa.

"Shikamoo mayu," alisema, kwa neno la Kisukuma la upande wa baba yake. "Unakaanga kahawa au unachoma mkaa?"

"Marahaba. Kaa kimya. Hii mwaka huu itamwamsha hata aliyekufa."

Chausiku alichungulia kikaango, akatingisha kichwa. "Kule Geita nina rafiki, Apolonia, Mhaya wa Bukoba. Kwao buni huchemshwa na kukaushwa, zikatafunwa hivyo hivyo, hazijaona kikaango. Mayu, Apolonia akitafuna zile buni anaongea mpaka unatamani umzibe mdomo. Usingizi haumjui. Sasa weusi uko wapi hapo?"

Mwasiti alikasirika, na hakuficha. Yaani mtoto aliyefunzwa naye kushika mwiko leo amfundishe kahawa! Lakini tabasamu la Mwaisha lilikuwa bado linamchoma, akasema, "Haya, nionyeshe."

Chausiku akapunguza moto. Akakaanga buni kidogo kidogo, akizigeuza bila kupumzika. Zilipoanza kupasuka na kulia, akangoja kidogo tu, akaziepua zikiwa na rangi ya mdalasini. Kisha akachukua kibaba ambacho mama yake alipimia buni zilizokwisha kukaangwa, akakijaza kwa buni zake, akazifunga katika kitambaa. Akajaza kibaba hicho hicho kwa buni nyeusi za mama yake, akazifunga katika kitambaa kingine. Akaning'iniza vitambaa kwenye ncha mbili za fimbo, akaishika fimbo katikati kwa kidole.

Upande wa mdalasini ukashuka. Upande wa Mwasiti ukapanda juu, mwepesi.

"Moto unazivimbisha na kuzikausha," Chausiku alisema. "Zako zimekuwa kubwa na nyepesi, kwa hiyo kibaba kinajaa haraka na buni zilizomo ni chache. Kila ukikaanga zaidi, unampa Maalim buni chache zaidi. Nguvu haiongezwi na moto. Moto unaongeza uchungu tu."

Mwasiti alikaa kwenye kigoda. Aliona aibu, aliona kabisa. Kumbe mwaka jana, kwa kuogopa usingizi, ni yeye mwenyewe aliyeupikia! Lakini mwanamke yule hakuwa wa kulia mbele ya kikaango. Alipika kijikombe cha buni za bintiye, akaonja, akafinya jicho.

"Ina harufu ya maua," alisema. "Lakini ni chachu. Wachimbaji wako watainywa kwa haraka zao. Wazee wa hapa wataitema."

"Tufanyeje?"

"Buni tutazipima kwa kibaba zikiwa mbichi, ili dele lipate haki yake yote. Halafu kukaanga niachie mimi. Nitavuka rangi yako, nitasimama kabla hazijatoa mafuta. Uchungu uwepo, ila usiwe wa masizi."

Wakatwanga pamoja, mama na binti, wakipokezana mchi.

Siku ya maulidi wageni walikula pilau wakashiba kupita kiasi, Maalim Akida akiwa wa kwanza. Mwasiti alisimama upande wa wanawake, akichungulia. Maalim akapokea kijikombe, akaonja, akakitazama.

"Hii si ile ya siku zote," alisema kwa sauti.

Mwaisha akaanza kutabasamu. Maalim akamaliza kijikombe, akanyoosha mkono apewe kingine.

Akasoma. Alipofika pale alipokoroma mwaka jana, Mwasiti alifumba macho. Sauti ikapita pale ikiwa safi, ikaendelea, ikapanda. Na wakati wa kusimama kumsalia Mtume ulipofika, Maalim alikuwa wa kwanza kuinuka, kilemba kimenyooka. Kutoka Kagongwa hadi Masumbwe, hakuna mgeni aliyepiga hata mwayo.

Kisomo kilipokwisha, Sabiti akaja na dele mikononi, watu wote wakimsikiliza.

"Mama Chausiku, dele ni lako. Umetupikia kahawa ambayo mji huu haujapata kuionja."

Angeweza kulipokea na kunyamaza. Nani angejua? Mwaisha alikuwa pale pale, uso umemshuka, na Mwasiti alikuwa ameingoja saa hiyo mwaka mzima. Badala yake akageuka, akamshika bintiye mkono, akamtoa mbele.

"Nilikuwa nawaunguzia kahawa," alisema. "Huyu ndiye aliyenifundisha. Mpe yeye dele, alipokee kwa nyumba yetu."

Chausiku akalipokea, macho chini. Watu wakapiga vigelegele, Maalim Akida akauliza kwa sauti kubwa huyu binti ni wa nani.

Kwa miaka mingi Mwasiti aliitwa Mama Chausiku sokoni, kisimani na msikitini, akaitika bila kufikiri. Siku hiyo alinyanyua kidevu, akahakikisha Mwaisha anamsikia.

"Wangu," alisema. "Mimi ndiye Mama Chausiku."