Mfalme wa Nyuma ya Pazia

Mjukuu wangu Naomi alikuja likizo kutoka chuoni Mbeya na kijitabu cha karatasi zilizobanwa pini, alichochapisha dukani kwa Ridhwani pale Kyela mjini. Nikadhani ni masomo, kumbe mchezo. Akanieleza taratibu, maana mimi niliishia shule ya msingi. Mnakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu fulani, shujaa au mwizi au mganga, anasema atafanya nini, halafu anarusha dado kuona kama limemwendea vizuri. Na safari yenyewe imeshatungwa na watu wa mbali, ipo tayari kama unga wa paketi: mlango uko wapi, joka limelala wapi, mfalme atasema nini. Anayeongoza anasoma tu, wengine wanahangaika.

Tulikaa barazani alasiri, mvua inanyesha kama ilivyozoea huku kwetu, kakao tumeshaikimbizia ndani. Naila, binti wa Ridhwani na rafiki wa Naomi, akachukua mwizi. Mimi nikataka kuwa mpishi wa msafara. Naomi akasema kitabuni hakuna mpishi. Nikamwuliza hao mashujaa wanaishi kwa upepo? Akanikubalia. Shujaa wa upanga tukampa Marta, mke wa Gwamaka, mwanangu wa mwisho.

Marta si Mnyakyusa, kwao ni Ikombe, kunakofikwa kwa mtumbwi, na vyungu anafinyanga kwa mkono kama mama yake. Sasa kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anachepukia migombani, hasemi naye, hamtazami. Wengi wameiacha mila hiyo siku hizi, lakini mume wangu Andongwisye ameishika, na anaishika kwa heshima, si kwa chuki. Marta kichwani alielewa. Moyoni, hapana. Baba yake mwenyewe hucheka na wake za wanawe mpaka machozi yanamtoka. Juzi tu, tukipepeta mchele, Marta aliniuliza, "Mama, kama baba hanipendi, mimi nitajuaje?"

Nikamwambia anakupenda, mwanangu. Akatabasamu kama mtu anayeumwa jino aliyepewa dawa ya tumbo.

Basi mchezo ukaenda. Tulivuka mto wenye mamba, Naila akaiba ufunguo wa mlinzi, mimi nikapika ndizi kwa maziwa porini na wote wakapona majeraha. Marta, ambaye ukimsikia anaongea sana ujue ameomba chumvi, alimfokea mamba mpaka Naomi akasahau kusoma. Tukafika kwa mfalme.

Hapo Naomi akataka sauti ya mzee. Kalelewa mjini huyu, hakufikiri. Akachukua ukurasa akaingia nao ndani, ambako babu yake alikuwa amelaza mguu wake mbovu nyuma ya pazia, akamwomba asome kwa sauti kubwa akisikia meza inagongwa. Mzee hakuuliza barazani kuna nani. Alidhani ni mabinti na bibi yao.

"Shujaa anapiga magoti mbele ya mfalme," Naomi akasoma, akagonga meza.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mume wangu, ile nzito anayosomea Neno kanisani: "Wewe ni nani hata nikujali? Mimi sikukuita hapa kwangu."

Mkono wa Marta ukasimama na dado ndani yake. Tangu aolewe, hayo ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe wake kumwambia.

Naila hakujua kitu, akamtania: "Mama Marta, jibu basi, au upanga umeota kutu?"

 Mzee ndani jina alikuwa amelisikia. Nikasikia karatasi inakunjwa polepole. Marta alianza kuinuka, macho yameshajaa. Nikamwekea mkono gotini.

"Karatasi hii inamsingizia mfalme," sauti ikasema, sasa bila kusoma. "Mfalme anamjua huyu. Maji ya kunywa anayatoa kwenye mtungi alioufinyanga yeye, na akipewa ya ndoo hayanywi. Apite. Hapa ni kwake."

Naomi akafunua kurasa zake kwa haraka. "Babu, hapo unatakiwa umkatalie, umtume pangoni kwanza. Pango lina kurasa nyingi."

"Pango limefukiwa," mfalme akasema.

Naila akalalamika kwamba yeye alishanunua kamba ya kushukia pangoni, nani atamrudishia. Marta alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika, sijui ni kicheko au kilio, nadhani vyote. Kisha akaligeuzia pazia mgongo, kama mkwe anavyopaswa, akasema kwa Kinyakyusa chetu ambacho bado kinampa tabu, "Ndaga fijo, mfalme." Asante sana.

Ndani mzee akakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa na makohozi.

Kesho yake Marta alizunguka nyuma ya nyumba kupitia migombani, kama siku zote. Nilimsikia akiimba huko. Mume wangu akaniita, akaniuliza kama yule mfalme ana sehemu nyingine mbele ya safari. Nikamwambia Naomi anasema kitabuni hatokei tena.

Akanyoosha mguu wake, akafikiri.

"Mwambie amtokeze," akasema.