Baiskeli Isiyo na Keria

Filemoni Wangwe hakuwa na sofa. Hakuwa na televisheni, wala king'amuzi, wala dari ya jipsamu yenye taa za rangi kama duka la simu. Hakuwa na friji ya kupoza maji ambayo kwa baridi ya Tarime yamekwisha kupoa yenyewe. Hakuwa na pikipiki, hakuwa na mke wa pili, hakuwa na deni katika baa yoyote kuanzia Bomani hadi Nyamongo. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo. Na hakuwa na kitambi, jambo ambalo kwa mwanaume wa miaka sitini na tisa, mwenye vyumba sita vya kupangisha kule Nyamongo, watu wa kwetu walilihesabu kuwa ama ugonjwa ama uchoyo.

Alichokuwa nacho ni mapenzi ya baiskeli. Ninaposema hivyo msomaji asifikirie baiskeli ya kubebea mahindi. Filemoni aliendesha kwa ajili ya kuendesha. Kila Jumamosi asubuhi alivaa bukta ya kubana, akafunga kofia ngumu kidevuni, akateremka hadi Sirari, akanywa chai moja pale mpakani, kisha akageuka akarudi. Hakununua kitu, hakuuza kitu, hakuwa na kesi wala mgonjwa huko.

"Shikamoo, tata," vijana wa bodaboda walimwita akipita. "Nani anakufukuza?"

"Marahaba," alijibu bila kupunguza mwendo. "Kitambi."

Huko Sirari, katika banda la muuza baiskeli za mtumba, aliona ile aliyoitaka. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa kidole, yenye matairi membamba kama mkanda wa sare ya shule na usukani uliopinda kama pembe za beberu. Haikuwa na keria, haikuwa na stendi, haikuwa na madigadi. Bei yake ilikuwa sawa na ng'ombe wawili. Filemoni alilipa nusu, akaahidi kumaliza mwisho wa mwezi, na muuzaji akaiegemeza ukutani nyuma ya magodoro.

Mambo yangeishia hapo kama Sylvester Nyangwine, mwenyekiti wa ukoo, asingekuwa na binti wa kuoza. Sherehe ya kumuaga binti huyo, Happy, ilihitaji ukumbi, mapambo, na gari refu jeupe la kukodi kutoka Mwanza. Watu walichangishwa kwa simu, na majina ya waliotoa yalipangwa kwenye kundi la WhatsApp kuanzia aliyetoa zaidi. Filemoni alitoa gunia la mahindi. Wiki hiyohiyo akaonekana Bomani akinunua viatu vya kuendeshea baiskeli.

Sylvester akamshitaki kwa wazee wa ukoo kwa kosa la kufuja mali.

Hapa ni lazima nieleze desturi. Katika ukoo huu, anayeshitakiwa ndiye anayechinja. Wazee walifikiri sana kabla ya kuiweka hivyo. Walisema wakila mbuzi wa mshitaki, watu watasema wamehongwa na mshitaki. Kwa hiyo wanakula wa mshitakiwa. Kwamba mtu anaweza kuhongwa kutoka upande huo pia, hakuna mzee aliyewahi kuuliza akiwa na nyama mdomoni.

Kikao cha kwanza nyumbani kwa Filemoni kilifunguliwa kwa sala, akaliwa mbuzi mmoja, zikanywewa kreti mbili za bia, na kabla ya kufikia ajenda mvua ikatishia. Kikao cha pili kilikosa mzee Marwa, ambaye bila yeye hakuna shauri linaloamuliwa, kwa kuwa ndiye anayefuata kwa umri baada ya mwenyekiti. Wakala mbuzi wa pili kwa masikitiko, wakaahirisha. Katika kikao cha tatu Marwa alifika kabla ya mbuzi kufa.

Sylvester alianza kwa kulalamikia kiti. "Tazameni tulivyokaa," alisema, akijigeuza kwenye benchi. "Mtu ana vyumba sita Nyamongo, anawakalisha wazee kwenye ubao. Nyumbani kwangu mnakaa wapi?"

"Kwenye sofa," alisema Revocatus, katibu wa ukoo, mwenye duka la kutoa nakala pale Bomani.

"Kwenye nailoni," alisema Filemoni. "Sofa yenyewe haijawahi kuguswa na makalio ya mtu tangu itoke dukani."

"Nyamaza, mura," alisema Sylvester, kama anayemkemea kijana. "Zamu yako bado."

Marwa alitafuna, akameza. "Hiyo baiskeli ni ng'ombe wangapi?"

"Wawili," alisema Revocatus.

"Inazaa?"

"Haizai."

"Inakamuliwa?"

"Mzee Marwa, ni baiskeli."

"Najua ni baiskeli. Nauliza ili iandikwe."

Ikaandikwa. Sylvester akasimama. "Filemoni, waambie wazee. Itabeba nini?"

"Itanibeba mimi."

"Kwenda wapi?"

"Sirari."

"Una shughuli gani Sirari?"

"Sina."

"Halafu?"

"Halafu narudi."

Wazee walitazamana. Mmoja alimwonea huruma, akauliza kwa sauti ya chini kama alianguka utotoni.

"Na mimi niulize," alisema Filemoni. "Mwenyekiti, bia unayokunywa kwa mwaka ni ng'ombe wangapi?"

"Bia si mali," Sylvester alijibu bila kufikiri, kama mtu anayesoma katiba. "Bia hata asubuhi haionekani. Mtu hawezi kujivunia kitu kisichoonekana. Wewe unajivunia chuma, tena chuma chenyewe hakibebi hata debe."

Wazee wakakubali kwamba hilo limekaa vizuri. Wakamaliza mchuzi, wakaazimia kwamba ushahidi umetosha, na kwamba watakutana tena Jumapili, hapohapo, kutoa hukumu.

Siku iliyofuata muuzaji wa Sirari alipiga simu. Alikuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka na hakuwa na muda wa kuzunguka. "Mzee, kuna mteja amekuja na pesa yote. Mimi nakungoja hadi Ijumaa, sawa? Ikipita hapo naiachilia."

Filemoni akafanya hesabu kichwani. Mbuzi watatu na kreti zake walikuwa wamekwisha kula gurudumu la mbele na usukani. Mbuzi wa nne alikwisha nunuliwa, amefungwa nyuma ya jiko. Bia za Jumapili zingekula mnyororo na gia. Wakati wa kutoa hukumu baiskeli ingekuwa imekwisha kuliwa yote, na wazee wangempongeza kwa kuacha ufujaji.

Alimkuta mke wake, Tabitha, akisugua sufuria kubwa kwa majivu.

"Jumapili tuahirishe," Filemoni alisema. "Nitawaambia naumwa."

"Watakuja kukuona mgonjwa. Na wanaokuja kumwona mgonjwa nao huchinjiwa mbuzi." Tabitha hakuinua uso. "Baba Kezia, mimi sijasema baiskeli hiyo ni akili. Mtu mzima kubanwa mapaja na kitambaa kama soseji, si akili. Lakini nimepika mbuzi watatu kwa kuni, moshi umenila macho, na sijamsikia mzee hata mmoja akiuliza kama jiko la gesi ni anasa. Hata wewe hukuuliza."

Filemoni akachukua sufuria nyingine akaanza kuisugua. Akaisugua vibaya.

"Anayechinja ni nani?" Tabitha aliuliza.

"Mshitakiwa."

"Na ukoo ukiwa na mashauri mawili?"

"Unaanza na lenye hasara kubwa. Dogo linasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kubwa liishe." Filemoni aliacha kusugua. Katika ukoo huu kuna shauri la mpaka wa shamba lililoanza yeye akiwa bado kijana, na watu wanalila mpaka leo.

"Basi una kalamu," alisema Tabitha. "Na Sylvester ana geti."

Geti la Sylvester linajulikana hata na watu wa Serengeti. Juu ya nguzo zake wamekaa simba wawili wa saruji, wamepakwa rangi ya njano, mmoja amevunjika pua. Ndani ya geti kuna gari kubwa ambalo giaboksi yake ilikufa zamani. Limewekwa juu ya mawe, na kila Jumapili baada ya ibada linaoshwa na kupigwa polishi. Ukipita unaweza kudhani linasafiri.

Filemoni aliketi kwenye benchi lilelile la mashitaka, akaandika kwa mwandiko wa kusimama:

"Kwa Katibu wa Ukoo. YAH: SHAURI LA UFUJAJI WA MALI DHIDI YA NDUGU SYLVESTER NYANGWINE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mshitakiwa ana simba wawili wasiozaa wala kukamuliwa. Ana gari lisilobeba hata debe. Ana sofa zisizokaliwa. Kwa makadirio ya chini hasara hii ni ng'ombe kumi na wanne, na yote inaonekana asubuhi. Kwa kuwa Mwenyekiti hawezi kuongoza shauri lake mwenyewe, naomba kikao cha Jumapili kiongozwe na mzee Marwa, nyumbani kwa mshitakiwa, kwa kufuata desturi. Nipo tayari kuhudhuria vikao vyote bila kukosa."

Akaisoma kwa sauti. Tabitha alimtaka aongeze friji. Akaongeza friji.

"Marwa ataikubali?" aliuliza Tabitha.

"Kwa Sylvester mbuzi huliwa na wali."

Kisha akampigia muuzaji wa Sirari, akamwambia aitoe baiskeli nyuma ya magodoro, aifute vumbi, Ijumaa asubuhi atafika na fedha yote iliyobaki, ile ya bia za Jumapili pamoja na kodi ya vyumba vya Nyamongo.

"Na huyu?" Tabitha alielekeza kidole kwa mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko.

"Kesho aende mnadani. Fedha yake ni ya jiko lako."

"Jiko na mtungi."

"Na mtungi."

"Na gesi ikiisha, huo mtungi nitaujazaje?"

"Mama Kezia, niache kwanza nifunge barua."

Akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi mdomo mzima, akaukandamiza kwa ngumi. Juu yake akaandika jina la Revocatus, na chini, kwa herufi kubwa, NAKALA KWA MZEE MARWA. Akatoka nayo barabarani, akasimamisha bodaboda anayekwenda Bomani, akamlipa nauli, akamwambia amkabidhi katibu mkononi na asiondoke kabla hajamwona ameifungua.