Mgeni Akae Mbele

Masolwa aliwasha pikapu kabla mkewe hajamaliza chai, akafunga vioo vyote viwili na kuiacha ingurume yenyewe mbele ya nyumba. Alitaka kabini ipoe kwanza. Kigwa mwezi wa Oktoba jua halina subira. Asubuhi tu bati limeanza kulia, na kuku wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta midomo wazi.

Veneranda alitoka polepole, kadi ya kliniki mkononi, sweta begani.

"Sweta la nini tena, mama Shija?"

"Juzi ulivyokijaribu hiki kiyoyozi nilitetemeka. Sijui unanipeleka kliniki au unanipeleka buchani."

Masolwa akacheka. Tangu joto lianze hakuwa amemsikia akitania.

Daktari wa mjini alisema moyo wa mama huyu umepanuka. Aache chumvi, aache kubeba vitu vizito, akae mbali na joto. Chumvi aliacha. Ndoo za maji aliwaachia majirani. Lakini joto la Tabora mtu analiacha wapi? Safari iliyopita ya kliniki alizimia njiani huku dirisha likiwa wazi kabisa, maana upepo ulioingia ulikuwa wa moto kama umetoka kwenye bani la kukaushia tumbaku.

Ndipo Masolwa alipompelekea pikapu fundi Fauzi, kule mjini. Fauzi alilizunguka gari akitikisa kichwa. "Mzee wangu, hii gari tangu izaliwe haijawahi kujua baridi." Lakini alikuwa na gari dogo lililopata ajali nyuma ya gereji yake, akang'oa kompresa na mabomba, akatafuta mkanda wa kuvuta, akafunga kila kitu kwa vyuma alivyochomelea mwenyewe. Gesi ilipanda bei wakiwa bado wanaingoja. Masolwa alilipa kwa asali, debe baada ya debe, mpaka stoo yake ikabaki na harufu tu.

Mwishoni Fauzi akaziba matundu ya kabini. Hata kile kidirisha cha nyuma, ambacho dereva hukifungua akaongea na watu waliopanda juu ya mzigo, alikipaka silikoni pande zote kisifunguke tena.

"Hiki ndicho kinakuibia baridi," alisema. "Ukiwasha, funga kila kitu. Feni ina kelele kidogo, utavumilia."

Kidogo! Ilivuma kama mashine ya kusaga. Lakini ilipooza, na siku ile Masolwa alirudi Kigwa akiimba.

Sasa walikuwa njiani, Veneranda akiwa ameegemea kiti, miguu kainyoosha, akisema kwa sauti kubwa ili asikike kwamba wakitoka hospitali wapitie mtaa wa Ng'ambo kwa mdogo wake Nyamizi wakale mlenda. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna jasho. Masolwa aliutazama mara kwa mara kuliko alivyoitazama barabara.

Mbele yao wakaona gari kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukitoka. Lilikuwa gari la mradi wa mizinga ya kisasa ya nyuki. Bwana Alois, afisa wa mradi, alisimama katikati ya lami na kuinua mkono.

Masolwa angeweza kumpita, lakini tangu malori makubwa yachukue kazi ya tumbaku, kubeba mizinga ya mradi ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa pikapu yake, na anayesema nani abebe ni Alois. Akasimama.

"Nimekujua kwa vioo," Alois alisema akicheka. "Nani atafunga vioo Oktoba kama hana kiyoyozi? Mzee umeendelea." Kisha akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma ya Alois alisimama mwanamke aliyevaa miwani ya jua, shingo imelowa jasho. Alois alieleza kwamba huyo ni mgeni wao kutoka Dar, mkaguzi wa mradi, anawahi ndege. Kabini ya pikapu ile ina nafasi ya dereva na watu wawili.

"Mkuu, mama ni mgonjwa," Masolwa alisema. "Ni moyo. Hata hiki kiyoyozi nimemwekea yeye."

"Si hapo mjini tu, mzee wangu? Au tutafute gari nyingine? Magari yapo mengi."

Alilisema neno hilo kwa upole, na wote wawili walielewa ni magari gani na ni kazi gani. Masolwa alishika usukani akatazama mbele. Hakuna aliyemfukuza Veneranda kwenye kiti kile. Yeye mwenyewe alifungua mlango. Mama wa Kinyamwezi aliyelelewa akalelewa hawezi kukaa akamwacha mgeni amesimama juani. Angeona aibu hata kaburini.

"Mgeni akae mbele," alisema. "Mimi nitajifunika kitenge."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Alois akasema, akampa mkono kumsaidia kushuka.

"Mama atakuwa sawa huko nyuma?" mgeni aliuliza.

"Watu wa huku wamezoea."

Wakahamisha mizinga mitatu ya maonyesho kutoka gari la mradi, wakaipanga nyuma. Masolwa alimtengenezea mkewe nafasi katikati ya mizinga na kabini, akamwekea chupa ya maji.

"Ukizidiwa gonga bodi, nasimama. Umesikia, mama Shija?"

"Endesha, baba Shija. Unamchelewesha mgeni."

Barabara ile inafuata njia ya misafara ya zamani. Mababu wa Masolwa waliipita kwa miguu na mizigo ya watu wengine kichwani, wakasifiwa pwani hadi bara kwa nguvu zao. Sifa ndiyo tuliyobaki nayo.

Feni ilivuma. Alois alimweleza mgeni namna mradi unavyoinua maisha ya wananchi, akipaza sauti. Baada ya muda mgeni akajikunyata, akasema kumbe baridi ni kali. Sweta la Veneranda lilikuwa limebaki kitini. Alois akampa.

Kisha Masolwa akasikia kitu nyuma. Ko. Ko. Akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Nini?" Alois aliuliza.

"Kama amegonga."

"Ni mizinga inagongana, mzee. Twende, ndege haitatusubiri."

Kwenye kioo cha kati Masolwa aliona mizinga tu, maana Veneranda alikaa chini ya kidirisha. Akasikiliza. Feni ilivuma. Ikaja tena, ko, hafifu zaidi, halafu kimya. Alijua. Dereva aliyebeba watu maisha yake yote anaujua mkono na anazijua mbao. Alijua, akakanyaga mafuta, na mimi siwezi kumsemea zaidi ya hapo.

Uwanja wa ndege mgeni alishuka, akalikunja sweta vizuri na kuliweka kitini. "Asante sana, baba. Mshukuru na mama." Alois aliahidi kutuma watu waje kuichukua mizinga. Masolwa alikuwa ameshazunguka nyuma.

Veneranda alikuwa ameketi, kichwa kimeegemea kabini, mkono mmoja umefika ukingoni mwa kile kidirisha kilichozibwa. Chupa ilikuwa imemwagika. Bodi lilikuwa la moto, halishikiki.

Hospitali hawakuchukua muda. Daktari kijana alimgusa, akamsikiliza, akauliza amefia wapi. Masolwa alishindwa kusema ni mahali gani hasa.

Jioni Nyamizi alikuja na godoro la kumlazia dada yake kwenye bodi, kama marehemu wote wanavyorudishwa vijijini.

"Apande mbele," Masolwa alisema.

"Shemeji, marehemu hulazwa nyuma."

"Nyuma alishakaa."

Nyamizi akamtazama, kisha akaliacha godoro chini. Wakamkalisha katikati yao, Nyamizi akimkumbatia asianguke. Masolwa alimfunika sweta mabegani, akafunga vifungo kimoja kimoja, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Vioo vyote viwili akavishusha.

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Alois, yenye furaha.

"Mzee Masolwa, mgeni ameisifu sana gari yako. Kesho asubuhi napeleka wageni wengine Urambo. Uje mapema."

"Haiwezekani, mkuu."

"Kwa nini?"

"Mbele kuna mtu."

Akakata simu, akatia gia, na baridi yote ya Fauzi ikatokea madirishani ikaishia barabarani.